Sura ya Tano: Kuvuka Povu

Mwezi Juni mwaka 1925, kwenye lango la bandari ya Newport Beach, California, mawimbi makubwa yaliipindua mashua iitwayo Thelma ikiwa na abiria ndani. Duke Kahanamoku, mwogeleaji wa Hawaii aliyekwisha kutwaa dhahabu ya Olimpiki Stockholm mwaka 1912 na Antwerp mwaka 1920, alikuwa ufukweni na wenzake. Alibeba ubao wake, akaulalia kifudifudi, akaanza kupiga mikono kuyaelekea mawimbi yaleyale yaliyoipindua mashua. Alivuka povu, akawapakia watu ubaoni, akawafikisha nchi kavu, akageuka kwenda tena. Watu kadhaa walikufa siku hiyo. Kati ya waliopona, wanane waliokolewa na Duke.

Picha tulizozoea zinamwonyesha Duke akiwa amesimama wima, wimbi la Waikiki, huko Hawaii, likimleta pwani. Lakini wale wanane hawakuokolewa na ustadi wa kusimama. Waliokolewa na ustadi wa kwenda: kujua apite wapi, aanze lini, na afanye nini ukuta wa povu unapomjia usoni. Sura hii inahusu ustadi huo, ambao wanaoanza kuteleza mawimbini huuvumilia badala ya kujifunza, na wengi hukata tamaa kwa sababu hiyo.

Wanasayansi wa michezo wamewarekodi watelezaji wakiwa majini, wakapima muda wa kila tendo lao. Tafiti zilizofanywa kwa miaka tofauti, kwa watu wa kawaida na kwa washindani, zinatoa picha moja. Karibu nusu ya muda wote mtu yuko kifudifudi akipiga mikono. Sehemu kubwa ya muda unaobaki ameketi ubaoni akisubiri. Muda wa kusimama juu ya wimbi haufiki hata sehemu moja ya kumi. Katika saa mbili za baharini, ni dakika chache tu. Anayeihesabu safari ya kutoka kuwa adhabu ya kulipia raha ameamua kuuchukia mchezo kwa nusu ya muda anaoucheza. Mimi naamini safari hiyo ni mchezo kamili, wenye mafumbo yake na ushindi wake, na anayeicheza hivyo hupata ustadi upesi kuliko anayepigana nayo.

Macho kabla ya mikono

Mchezo huanza ukiwa bado umesimama mchangani. Mawimbi yanayovunjika mbele yako mara nyingi yamezaliwa mbali sana. Mwaka 1963 mtaalamu wa bahari Walter Munk na wenzake walipanga vituo vya kupimia mawimbi kuanzia New Zealand, kupitia Samoa na Hawaii, hadi Alaska. Walifuatilia mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za bahari ya kusini karibu na Antaktika, wakayaona yakivuka Pasifiki nzima na kufika upande wa pili yakiwa bado na nguvu ya kupimika. Katika safari ndefu namna hiyo, mawimbi yenye mwendo unaokaribiana hukutana. Yanapolingana huongezeana kimo, yanapopishana hupunguzana. Ndiyo maana bahari haivunjiki kwa kipimo kimoja mchana kutwa. Huja kundi la mawimbi makubwa, kisha kipindi cha shwari, kisha kundi jingine.

Shwari hiyo ndiyo nafasi yako. Watoto wanaocheza kuruka kamba wanaijua hekima hii bila kufundishwa: mtoto hasimami tu na kujitupa ndani, bali huitazama kamba ikizunguka mara kadhaa, mwili wake ukapokea mapigo yake, ndipo akaingia. Nawe tazama makundi mawili au matatu yapite. Hesabu mawimbi ya kila kundi. Hesabu sekunde za shwari. Kisha bashiri kundi linalofuata litaanza lini, uone kama umekosea au umepatia. Ubashiri huo ni mchezo wa kwanza wa sura hii, na hauhitaji hata kulowa miguu.

Jambo la pili la kusoma ni kina. Wimbi huvunjika linapofika mahali ambapo kina cha maji kinazidi kidogo tu kimo chake. Kwa makadirio ya kawaida, wimbi la mita 1 litavunjika kwenye kina cha takribani mita 1.3. Kwa hiyo povu ni ramani. Mahali panapovunjika kila mara ni kina kifupi: fungu la mchanga au mwamba. Mahali ambapo mawimbi yanapita bila kuvunjika, maji yakiwa meusi zaidi, pana kina kirefu, na hapo ndipo njia yako.

Wavuvi wa pwani yetu wanaishi kwa ujuzi huu. Nahodha wa ngalawa anayetoka nyuma ya mwamba wakati wa kusi hatafuti mahali palipo karibu. Anatafuta mlango, ule mwanya ambao maji ya kina yameuacha katikati ya mwamba, na anajua mlango upi unapitika maji yakiwa yamejaa na upi ni salama hata yanapokupwa. Waikiki nako ni hivyo. Mawimbi yake huvunjika juu ya miamba iliyotengana, kila eneo likiwa na jina lake, kama Queens, Canoes na Populars, na kati ya maeneo hayo pana maji ya kina ambayo wenyeji huyatumia kutokea. Hawakuwa na hiari. Ubao ambao Duke aliutumia miaka ya 1930 ulikuwa na urefu wa karibu mita 5 na uzito wa zaidi ya kilo 50. Hakuna binadamu anayeweza kuuzamisha ubao huo chini ya wimbi. Watelezaji wa zama hizo walifika nje kwa sababu waliijua njia.

Kwenye fukwe za mchanga, njia hiyo mara nyingi huwa na mkondo. Maji yaliyosukumwa na mawimbi hadi ufukweni lazima yarudi baharini, na hurudi kwa kujikusanya mahali palipo na kina. Utautambua mkondo kwa maji yaliyotibuka mchanga, uso wenye vijiwimbi visivyo na mpango, na povu linaloelea kuelekea nje. Mikondo mingi hukimbia nusu mita hivi kwa sekunde, lakini ikikasirika inaweza kufikia mita 2 kwa sekunde, mwendo ambao mwogeleaji wa kawaida hawezi kushindana nao. Mtelezaji stadi huupanda mkondo huo umpeleke nje, akishafika hutoka kwa kwenda pembeni. Anayeanza asiutumie bila mtu mwenye uzoefu kando yake, na akinaswa asipigane nao uso kwa uso; apige mikono sambamba na pwani hadi maji yamwachie.

Mikono inayoteleza

Watu wengi huchoka kabla hawajafika kwenye povu, na sababu mara nyingi ni namna walivyolala. Jilaze hadi ncha ya mbele ya ubao ielee sentimita chache tu juu ya maji. Ukikaa nyuma mno, ncha itanyanyuka na ubao utayasukuma maji badala ya kuyakata. Ukikaa mbele mno, ncha itazama. Kifua kiinuke kidogo, miguu iwe pamoja, macho yatazame mbele mahali unapokwenda.

Mkono uingie majini mbele ya bega bila kishindo. Kiwiko kibaki juu kuliko kiganja, ili kiganja na mkono hadi kiwikoni viwe pamoja uso mpana wa kuyashika maji. Vuta sambamba na ukingo wa ubao hadi karibu na nyonga, kisha utoe mkono ukiwa umelegea. Maji yanayorukaruka ni nguvu iliyopotea.

Chagua alama mbili kwenye maji tulivu, kwa mfano maboya mawili au mitumbwi miwili iliyotia nanga. Pita kati yake ukihesabu mikupuo ya mikono. Rudi ukijaribu kupunguza idadi bila kupunguza mwendo. Utagundua kwamba baada ya kila mkupuo ubao huendelea kuteleza wenyewe kwa muda mfupi, na ukiusubiri mtelezo huo, kazi inapungua. Kisha badilisha sheria: pita bila kutoa sauti yoyote ya maji. Kisha pita mikupuo mitano polepole, kumi kwa kasi yote, mitano polepole tena. Mchezo wa mwisho unakuandaa kwa jambo halisi, kwa sababu kuvuka povu kwenyewe kuko hivyo: unatulia, unasubiri, halafu shwari inapofika unatoa kila ulicho nacho kwa sekunde chache.

Ukuta unapokuja

Katika wimbi ambalo halijavunjika, maji hayasafiri pamoja na wimbi, yanazunguka. Kileleni yanakwenda kuelekea pwani, na katika bonde lililo mbele ya kilele yanarudi kuelekea baharini. Kadiri unavyoshuka chini, ndivyo mzunguko unavyodhoofika. Mambo mawili muhimu yanatokana na hili. Kwanza, ukiwa bondeni maji yanakubeba kulikaribia wimbi, kwa hiyo hapo ndipo pa kuongeza kasi, si pa kusita. Pili, usalama uko chini na nyuma ya wimbi.

Povu lina mwendo wake pia, na kwenye maji ya kina kifupi mwendo huo hutegemea kina. Katika kina cha mita 1 wimbi husafiri karibu mita 3 kwa sekunde. Katika mita 2, zaidi kidogo ya mita 4. Ukijumlisha na mwendo wako mwenyewe, ukuta ulio mita 10 mbele yako utakufikia baada ya sekunde mbili na kitu. Huo si muda wa kuanza kufikiri. Majibu yawe mwilini tayari, nayo ni manne.

La kwanza ni kupanda. Wimbi likiwa halijavunjika, ongeza kasi, panda uso wake, na karibu na kilele lala mbele ubaoni ili lisikurudishe nyuma.

La pili ni kuinuka. Povu likiwa dogo na limekwisha kupoteza nguvu, shika kingo za ubao, nyoosha mikono, uinue kifua, uliache povu lipite kati ya mwili wako na ubao. Ukishuka, mikono ianze kazi papo hapo, kwa sababu kasi ndiyo mali yako.

La tatu ni kuzamisha. Mbao zilianza kufupishwa sana mnamo mwaka 1967, na ufupi huo ukaufungua mlango wa mbinu hii, maana ubao mfupi unakubali kusukumwa chini. Ingia kwa kasi. Umbali ukibaki kati ya urefu wa ubao wako na mara mbili yake, shika kingo usawa wa mabega, nyoosha mikono, uzamishe ncha ya mbele kwa uzito wa kifua. Kisha usukume mkia kwa goti au kwa mguu mmoja, ubao wote ulale chini ya maji, nawe ukaribiane nao. Wimbi likipita juu, elekeza ncha juu, uuache ubao ukupandishe nyuma ya povu. Ni tao moja: chini, mbele, juu. Ukianza mapema mno, utakuwa umekwisha kuelea povu linapofika. Ukichelewa, litakukuta usoni.

La nne ni kupinduka, nalo ni jibu la ubao mrefu. Uelekeze ubao sawasawa dhidi ya wimbi, shika kingo kwa nguvu, vuta pumzi, jipindue uwe chini na ubao uwe juu yako. Vuta ncha ya mbele chini kidogo ili povu lisiingie chini yake na kuinyanyua. Likishapita, pinduka tena kwa kupiga miguu mkasi. Ubao ukiwa umeelekea upande hata kidogo, wimbi litaunyakua; kwa hiyo nusu ya mbinu hii iko katika kunyoosha kabla ya kupinduka.

Mawimbi yanayojipinda na kuanguka kwa kishindo husukuma msukosuko wake chini sana kuliko yale yanayomwagika polepole kutoka kileleni. Ukiona wimbi linajiandaa kuanguka mbele yako hasa, mara nyingine jibu bora ni kusimama, kulisubiri lianguke, na kukutana na povu lake mita kadhaa baadaye likiwa limepungua nguvu. Kungoja ni sehemu ya ustadi.

Kwa nini tucheze

Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan walichapisha jaribio kuhusu namna mwili unavyojifunza. Kundi moja lilirudia tendo moja hadi likamilike ndipo likahamia la pili. Kundi jingine lilichanganyiwa matendo bila mpangilio. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilionekana kufanya vizuri zaidi. Walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka zaidi, na ndio waliofanya vizuri zaidi walipopewa tendo jipya. Bahari ni mwalimu wa kuchanganya. Haikupi wimbi lilelile mara mbili. Anayejifunza kuzamisha ubao kwa namna moja tu, kwenye povu la kimo kimoja tu, amejifunza kidogo kuliko anavyodhani.

Kwa hiyo nenda kwenye povu linalofika kiunoni, mahali ambapo unaweza kusimama, na ucheze. Povu la kwanza lijibu kwa kuinuka, la pili kwa kuzamisha, la tatu kwa kupinduka, halafu badilisha mpangilio. Zamisha mapema kwa makusudi, kisha kwa kuchelewa, ili mwili ujue mipaka ya wakati sahihi iko wapi. Zama ukiwa umefumbua macho ikiwa maji ni safi, utazame povu likipita juu yako. Ukishaona kwamba chini kuna utulivu, hofu hupungua, na misuli iliyolegea hutumia pumzi kidogo.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa nywele kavu. Sheria ni moja: ufike kwenye eneo la kusubiria bila kichwa kulowa. Hakuna mbinu ya chini ya maji itakayokusaidia hapa. Utalazimika kuisoma shwari, kuutumia mlango, kuzunguka badala ya kupasua, kungoja wakati wenzako wanahangaika, na kukimbia wakati wao wamechoka. Mara nyingi utashindwa karibu na mwisho. Lakini kila jaribio linakufundisha kuitazama bahari kwa makini kuliko masaa mengi ya kupambana na povu. Mkiwa wawili, pokezaneni uongozi: mmoja achague njia na kusema kwa sauti kwa nini ameichagua, mwingine afuate akiwa pembeni yake. Kulazimika kueleza kunanoa macho ya anayeongoza, na anayefuata anapata akili ya pili bure.

Adabu za njiani

Uchezaji huu una mipaka, na mipaka hiyo ni heshima kwa uhai wa wengine. Ukikutana na mtu anayeteleza kukujia, njia ni yake. Wewe elekea upande wa povu, nyuma yake, hata kama utapigwa. Usikatize mbele yake kutafuta maji laini. Usikae nyuma ya mwenzako moja kwa moja mnapovuka.

Na usiuachie ubao wako. Ubao wa mita 2.7 uliofungwa kwa kamba ya mguuni ya urefu huohuo unafagia zaidi ya mita 5 kuzunguka mguu wako, na aliye ndani ya duara hilo hana kinga. Kamba yenyewe ilianza kuenea miaka ya mwanzo ya 1970, na anayetajwa zaidi kwa kuianzisha ni Pat O'Neill wa California. Kamba za awali zilivutika sana na kuurudisha ubao kwa nguvu. Baba yake Pat, Jack O'Neill, alipoteza jicho la kushoto katika ajali ya namna hiyo. Kamba za leo ni bora zaidi, lakini kanuni imebaki: ukiibuka juu ya maji baada ya kuangushwa, mkono mmoja uje kwanza, mbele ya uso.

Kabla ya kuingia, jiulize swali moja: kamba ikikatika nikiwa nje kabisa, naweza kuogelea kurudi mwenyewe? Kama jibu si ndiyo ya uhakika, siku hiyo cheza kwenye maji ya kiunoni. Hakuna aibu hapo, na kazi ya kujifunza ipo tele.

Ningependa kila mwalimu wa mchezo huu aanzie hapa. Desturi iliyoenea ni kumsukuma mwanafunzi kwenye povu tangu saa ya kwanza ili asimame, apigwe picha, afurahi. Furaha hiyo ni ya kweli, ila inamfundisha kwamba mchezo ni zile sekunde chache za kusimama, na siku atakapokuwa peke yake mbele ya kuta kumi za povu hatakuwa na la kufanya zaidi ya kupambana. Mwalimu aanze kwa kuketi naye mchangani wahesabu makundi ya mawimbi. Amwonyeshe mlango. Amfundishe kuteleza kwenye maji tulivu hadi mikono inyamaze. Ampeleke kwenye povu dogo wacheze kuinuka, kuzama na kupinduka hadi mwanafunzi aanze kucheka. Baada ya hapo ndipo amfundishe kusimama. Mwanafunzi huyo atafika nje akiwa na nguvu zake, atapata mawimbi mengi zaidi kwa sababu atakwenda na kurudi mara nyingi zaidi, na hata siku ambayo bahari haitampa wimbi zuri atarudi nyumbani akiwa amecheza.